Indri Hana Mkia

Tuwan, Kitale
10 Machi 2024

Kwa mjukuu wangu Nakhumicha,

Nakusalimu kutoka kwenye meza ileile uliyoimwagia wino ulipokuwa darasa la pili. Doa bado lipo. Mama yako Dinah alinipigia simu juzi kutoka Myanga. Anasema mvua imeanza kunyesha upande wa Bungoma na amepanda mahindi bila kungoja mtu. Huku kwetu bado tunatazama juu. Jirani yangu Kibiwott anakusalimu. Tangu alipostaafu kufundisha hesabu hana wa kumsahihisha isipokuwa mimi, kwa hivyo kila jioni yuko hapa.

Mama yako anataka nikuandikie kwa simu. Nimekataa. Mwanga wake unaniumiza macho, na tena ujumbe wa simu huwezi kuukunja ukautia mfukoni. Andika kwa karatasi. Ikichelewa, ichelewe.

Sasa nisikilize. Tangu uende Madagaska kuongoza watalii, mimi hutembea Tuwan kifua mbele. Unajua nilifundisha jiografia zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka tulipofika kwenye ramani ile niliwaambia watoto: hiki kisiwa mnachokiona kidogo pembeni mwa Afrika kina ukubwa wa Kenya nzima na zaidi kidogo. Kilijitenga na bara zamani sana, kabla hajakuwako nyani wala simba wala twiga, ndiyo maana hutapata hata mmoja huko. Viumbe wake waliachwa peke yao wakawa wa namna yao. Niliwaeleza habari za lemuri, jamaa wa huyu komba wetu anayelia kama mtoto, na mibuyu iliyosimama kama nguzo, na mawe ya chokaa yaliyochongoka kama sindano. Nilisema yote hayo bila kuyaona. Kuna mtoto aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, wewe umefika?" Nikamwambia anyamaze, achore ramani.

Nataka kufika. Nimeomba pasipoti. Nataka kumwona indri, lemuri mkubwa kuliko wote. Niambie tu nije mwezi gani, nitoke vipi uwanja wa ndege hadi hapo ulipo, na msitu upi mzee wa mwendo wa polepole anaweza kuuingia. Ila iwe mwaka huu. Usiniambie mwaka ujao.

Babu yako, mumeo wa kwanza,
Kuka Hesbon Wekoye


Toamasina, Madagaska
28 Aprili 2024

Mulembe, Kuka wangu,

Barua yako imefika imelowa pembeni. Huku mvua, yule mgeni mnayemngoja huko, ananyesha karibu kila siku, hadi tunatamani kumfukuza. Mwambie Mama nimepata picha za shamba, na ng'ombe mwekundu amenona. Mwalimu Kibiwott mwambie nami namsalimu, na bado sijasahau kanuni ya eneo la duara.

Na wewe, ati mume wangu? Mume gani hajatoa hata ndama? Nenda zako.

Kuka, Madagaska ni kisiwa cha maajabu yasiyo na kifani. Fukwe zake ni nyeupe kama maziwa na maji yake ni ya samawati inayotuliza roho. Misitu yake minene imejaa viumbe wasiopatikana kwingine kokote duniani. Kuna vinyonga wadogo kama ukucha na wengine wakubwa kama mkono wa mtu. Kaskazini kuna visiwa vinavyonukia vanila, na magharibi jua huzama nyuma ya mibuyu huku wasafiri wakipiga picha za kumbukumbu. Mgeni hupokewa kwa tabasamu na huondoka akiwa ameacha moyo wake hapa.

Kuhusu kuja kwako, tutaongea. Kazi ni nyingi msimu huu. Kula vizuri.

Mjukuu wako,
Nakhumicha


Tuwan, Kitale
2 Juni 2024

Mjukuu wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mkavu. Sisi mvua ilikuja, ikaja yote kwa mara moja, na njia ya kwenda kwa Kibiwott ikawa mto. Mama yako amepalilia mara ya kwanza. Analalamika kuhusu viwavi, lakini sauti yake ni ya mtu mwenye mahindi mazuri. Mlima Elgon tumekosa kuuona tangu mwanzo wa mwaka. Ni ukungu mtupu, asubuhi hadi jioni. Sijapata kuona mwaka wa mawingu kama huu.

Nimesoma barua yako nikitafuta jibu, kisha nikamwomba Kibiwott anisomee kwa sauti, labda limenipita. Halikunipita. Alipofika kwenye moyo ulioachwa huko, akaivua miwani.

"Wekoye," akasema, "hii barua imeandikwa na mjukuu wako ama imeandikwa na hoteli?"

Nilikutetea. Nilimwambia kila kazi ina lugha yake, na wewe umekaa na wageni hadi lugha yao imekuingia. Lakini nikajiuliza pia. Wewe uliyekuwa ukinipigia simu kutoka bwenini kunieleza jinsi kunguru alivyomnyang'anya mwalimu wa zamu mandazi, unaniambia samawati inayotuliza roho?

Na "tutaongea" si mwezi. Nimeangalia kalenda yangu yote, mwezi wa Tutaongea haumo.

Labda sikukueleza vizuri kwa nini nakusumbua. Wanyama wengi mtu anaweza kuwaona bila kusafiri. Simba amefungiwa katika miji mingi ya dunia, na hata lemuri wa aina nyingine wamo kwenye bustani za wanyama huko Ulaya. Indri hapana. Wamejaribu kumfuga, naye hukataa chakula akafa. Anakula majani ya msitu wake tu, na msitu wake uko upande wa mashariki wa kisiwa hicho, upande huohuo uliko wewe. Hakuna njia nyingine ya kumwona ila kumfuata. Wenye pesa wa dunia hii wote hawawezi kumwita aje kwao. Jambo hilo limenifurahisha maisha yangu yote.

Basi jibu. Mwezi gani?

Kuka wako


Tuwan, Kitale
11 Agosti 2024

Nakhumicha,

Salamu. Mama yako ni mzima, ng'ombe mwekundu amezaa, na mwaka huu ni wa tohara kule Bungoma, kwa hivyo vijana wanapita barabarani na njuga, usingizi hakuna. Hizo ndizo habari.

Sijapata barua yako. Kwanza niliilaumu posta. Kisha Dinah akaniambia wewe humtumia ujumbe wa simu kila Jumapili, na kwamba uko sawa na unapika wali kwa nazi. Kumbe una mikono.

Nimekasirika. Niliacha siku kadhaa zipite kabla ya kushika kalamu ili hasira ipungue. Haikupungua. Pasipoti yangu imetoka. Iko hapa mezani na picha ya mzee asiyependeza. Nimetengeneza viatu. Kila mtu Tuwan, hata yule mama wa kuuza omena, ananiuliza, "Mwalimu, bado hujaenda?" Nami nakuwa na jibu lako tu la kuwapa, yaani sina.

Kama hutaki nije, sema hutaki. Sitakufa. Mzee ni mzigo, najua, nami niliwahi kuona aibu kutembea mjini na babu yangu kwa sababu alikuwa akisalimia hata magari. Lakini usiniache nikae na viatu.

Au kama kazi imekubana, basi nifanyie hili moja. Nieleze indri. Wewe huenda msituni na wageni. Niambie ulisimama wapi, alikuwa juu ya nini, alifanya nini. Nitajenga safari yangu kwa hayo huku nikingoja.

Mwaka ujao hautanifaa. Nimeshasema, na sababu ni yangu.

H. Wekoye


Toamasina
15 Septemba 2024

Mulembe, Kuka,

Nisamehe. Usikasirike, presha itapanda. Nimefurahi sana kuhusu ndama. Mwambie Mama amwite Toamasina.

Si kwamba sitaki uje. Ni vile mambo si rahisi, Kuka. Nauli imepanda, mbu ni wengi, barabara zina mashimo, na magoti yako nayajua. Mwaka ujao kutakuwa bora. Nitakuwa nimejipanga.

Umeniuliza indri. Juzi tu niliwapeleka wageni msitu wa Andasibe asubuhi. Indri alikuwa juu ya mbuyu mkubwa wenye majani mengi ya kijani, akiruka kutoka tawi hadi tawi huku akipepea mkia wake mrefu wenye mistari myeupe na myeusi. Wageni walipiga makofi. Baada ya chakula cha mchana tukaenda kuyaona mawe ya sindano, wakapanda ngazi na madaraja ya kamba, na jioni tukarudi Toamasina kulala. Ilikuwa siku isiyosahaulika.

Umeona? Unaweza kujenga safari kwa hayo.

Nakhumicha wako


Tuwan, Kitale
20 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Nakhumicha,

Ndani ya bahasha hii utaikuta barua yako mwenyewe. Usishtuke kuona wino mwekundu. Mkono wangu umezoea hivyo. Ukipewa karatasi yenye kosa hauwezi kutulia. Kibiwott alinishikia rula ili mistari isinipotee.

Nitaeleza, kwa maana alama bila maelezo haimfundishi mtu.

Pale nilipozungusha neno "mkia". Indri hana mkia. Ana kijipande tu, kama kidole gumba kilichofichwa kwenye manyoya. Miongoni mwa lemuri wote walio hai, ni yeye anayejulikana kwa kuukosa. Mwenye mkia mrefu wa mistari ni lemuri mwingine kabisa, anakaa kusini kwenye ukame, na ndiye huchorwa kwenye kila tangazo kwa sababu ana sura nzuri.

Pale kwenye mbuyu. Ile mibuyu mikubwa iko magharibi. Andasibe ni mashariki, msitu wa mvua, na mibuyu haipendi miguu yake ilowe. Tena hata ungekuwa magharibi, mwezi wa Septemba mibuyu inakuwa uchi. Majani huja na mvua.

Pale kwenye chakula cha mchana. Mawe ya sindano yako ng'ambo ya pili ya kisiwa. Nilikwambia kisiwa hicho ni kama Kenya. Umewatoa wageni Mombasa asubuhi, ukawapitisha Lodwar, ukawarudisha Mombasa kulala. Kwa gari, na mashimo uliyoyataja.

Mtu anayekosea mkia peke yake nitasema hakuwa makini. Anayekosea na mti nitasema alichoka. Lakini aliyekosea mkia, mti na barabara, huyo hajafika. Nimesahihisha watoto wengi waliojaza karatasi kuhusu mahali wasipopajua. Huandika hivi hivi, kwa furaha nyingi na wageni wanaopiga makofi.

Nilipoweka kalamu chini hasira yote ilikuwa imeniondoka, na kilichokuja mahali pake ni kibaya zaidi. Uko wapi, mtoto wangu? Unafanya nini huko? Je, kuna mtu anayekushikia pasipoti? Kuna mtu anayekupiga? Mama yako sijamwambia neno. Ukinijibu tena na fukwe, nitamwambia.

Kuka


Toamasina
24 Novemba 2024

Kuka,

Sijui nikusalimu vipi leo. Mulembe.

Niko salama. Hakuna anayenipiga, na pasipoti yangu iko chini ya godoro langu. Niko Toamasina kweli. Lakini siongozi mtu. Ninafua mashuka.

Yule bosi wa hoteli aliyenichukua alisema wanataka mtu wa Kiingereza wa kutembeza wageni. Nilipofika yeye mwenyewe alikuwa ameondoka. Wageni wa hii hoteli wanaongea Kifaransa, na kuongoza watu msituni ni lazima uwe na kibali, na kibali ni cha wenyeji, na hata mimi ningekuwa wao nisingempa mtu kama mimi. Nina Kifaransa cha "bonjour" na "mashuka". Kwa hivyo nikawekwa nyuma, kwenye chumba cha kufulia. Mashine mbili, moja ni mgonjwa. Kuna joto, Kuka, hadi kuta zinatoa jasho.

Nitakwambia ninachojua kuhusu misitu ya Madagaska. Wageni wakirudi kutoka Andasibe wanalala na miguu michafu, na kwenye ncha za mashuka yao kuna matope mekundu, mekundu kama ya Myanga. Hayatoki kwa sabuni ya kawaida. Hapo ndipo najua msitu uko. Mengine yote nilitoa kwenye vitabu vya matangazo vilivyo vyumbani, nikageuza kwa Kiswahili. Huo mkia nilichukua kwenye picha.

Utaniuliza kwa nini nilidanganya. Ulikuwepo siku ile kanisani Myanga. Mama alisimama mbele ya watu wote na kitenge kipya akasema, "Binti yangu anaenda kuonyesha wazungu wanyama." Watu wakanishikilia mikono wakaomba. Sasa niandike nini? Ati natoa matope? Kila nikichukua kalamu naona kile kitenge.

Sijawahi kutoka mji huu. Siku yangu ya kupumzika ni moja, nauli ni yangu, na mimi nimechoka hadi mifupa. Nina hasira na hoteli, nina hasira na wewe pia kwa kuniuliza uliza. Haya, nimesema.

Sasa ni zamu yangu. Mwandiko wako umekuwa mkubwa kama wa ubao. Katika barua ya mwisho mistari ilikuwa inapanda kama mtu anapanda mlima, hata na rula. Na unasema Elgon haujaonekana tangu Januari, lakini Mama alinitumia picha aliyopiga akija kwako Pasaka, na mlima uko wote, hauna hata wingu moja. Kwa nini ni lazima iwe mwaka huu?

Nakhumicha


Tuwan, Kitale
15 Desemba 2024

Nakhumicha,

Mwandiko huu ni wangu mimi, Kibiwott. Maneno ni ya babu yako. Amekaa hapa na ameniamuru niandike kama anavyosema. Nitajitahidi.

Mjukuu wangu, natumaini u mzima. Mahindi yamevunwa. Nimemwomba Kibiwott anishikie kalamu kwa sababu mkono wangu umechoka na kazi ya kuvuna.

(Hakuvuna. Alianguka juu ya gunia lililokuwa katikati ya njia mchana kweupe, akalisalimia.)

Umeandika nini hapo? Mbona umeandika kirefu hivyo?

(Nimemwambia naandika anwani.)

Kibiwott. Nisomee.

(Nimemsomea. Ameniita majina ambayo sijayasikia tangu chumba cha walimu. Nimemwambia, wewe umemsahihisha mtoto kwa wino mwekundu mpaka akasema ukweli wake wote, halafu unataka nimwandikie habari za mkono? Kalamu iko kwangu. Ama utasema wewe, ama nitasema mimi, na mimi sina maneno mazuri. Nimekunywa chai. Sasa anasema niandike.)

Andika basi. Nakhumicha, ni presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi, ndiyo ujanja wake. Maji yaliyo ndani ya jicho hukosa kutoka sawasawa, yanasukuma, na ule mshipa wa nyuma unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo kuanzia pembeni. Mtu huona katikati tu, kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia lina katikati yake bado. Daktari wa Eldoret amenipa dawa ya matone na amesema kweli: matone yanazuia, hayarudishi. Aliniambia hayo mwezi wa Februari. Nilikuandikia wewe mwezi wa Machi.

Dinah hajui. Akijua atakuja na gari, atanipakia na kiti changu, na nitakaa Myanga kwenye veranda nikitajiwa majina ya watu wanaopita. Nimeishi nyumba hii na bibi yako hadi akanitoka hapa. Sitaki kuhamishwa kama kabati.

Kwa hivyo tulikuwa wawili, kila mmoja akiulinda mlango wake.

Kufua mashuka hakukunikasirisha. Nani alikwambia kuna kazi ya aibu hapo? Kilichonikasirisha ni kupewa tangazo la hoteli mahali pa kitu halisi, na macho yangu yakiwa na kazi ya kuchagua cha kusoma. Ungeniandikia matope ya ncha za mashuka mwezi wa Aprili, ningeyasoma hadi karatasi itoboke.

Mwaka wenyewe huu umekwisha, na sikuja. Basi nenda wewe. Chukua siku yako ya kupumzika, ongeza na nyingine, ombaomba huko kazini, ufike Andasibe. Kibiwott ataniambia uliyoandika. Usinipambie. Kama hukuona kitu, andika kwamba hukuona kitu.

(Amemaliza. Mimi naongeza: usikawie. Juzi alimimina chai nje ya kikombe akasema kikombe ndicho kimehama. K.)


Andasibe
19 Januari 2025

Mulembe, Kuka. Mulembe, Mwalimu Kibiwott unayesoma. Soma polepole.

Nimelia, nimemaliza, sasa naandika. Nimekaa kwenye benchi ya duka la mama anayeuza mkate wa mchele, karibu na reli. Nguo zangu zote zimelowa.

Nilibadilishana zamu na wasichana wawili. Kutoka Toamasina gari letu la abiria lilipanda milima siku nzima nyuma ya malori ya bandarini. Njiani msitu hakuna, Kuka. Hilo kitabu cha wageni hakisemi. Ni vilima vyekundu vimekwanguliwa, vina makovu, na moshi wa makaa kila mahali. Nilidhani nimepotea. Msitu umebaki kama kiraka kwenye nguo iliyochakaa. Unaingia kwa ghafla, na baridi inakushika kama uko juu kule Elgon karibu na mianzi.

Nilichukua mwenyeji wa kuniongoza, maana bila yeye huruhusiwi. Anaongea Kiingereza kidogo kuliko Kifaransa changu. Tuliingia alfajiri. Mvua. Ruba walinipanda hadi kwenye goti. Yeye alikuwa akiwatoa kwa chumvi huku akicheka. Nilitembea muda mrefu sana na sikuona kitu. Naandika kama ulivyosema: sikuona kitu. Majani, mgongo wa yule mtu, maji. Nilikasirika. Nilisema moyoni, Kuka amenituma kulowa.

Halafu sauti ikaanza kulia. Kwanza nilidhani ni king'ora cha kiwanda. Halafu nikadhani ni mama anayemlilia mtu wake, kwa sababu ilipanda juu, ikakaa hapo, ikateremka polepole, na kabla haijaisha nyingine ikaichukua kutoka kilima kingine. Sauti haitoki mbele wala nyuma. Inatoka kwenye mbavu zako. Yule mwongozi alivua kofia. Kwa maneno machache na ishara za mikono akasema wao humwita Babakoto, na hawamuui wala hawamli, kwa sababu ni jamaa yao aliyeingia msituni zamani. Nikamwambia hata sisi Bukusu koo zetu zina wanyama wasioliwa. Sijui kama alielewa.

Mwisho nilimwona mmoja. Si vizuri. Alikuwa juu, amenipa mgongo, amekumbatia mti kama mtoto amekumbatia mguu wa mama yake. Mweusi, na sehemu ya kukalia nyeupe. Hana mkia, Kuka. Nilitazama sana hapo kwa ajili yako. Akageuza kichwa mara moja, macho yake ni ya kijani ya majimaji, akaruka akaenda.

Ni hayo tu. Hakuna aliyepiga makofi.

Kesho narudi kufua. Nimemwambia Mama kila kitu kunihusu, nilimpigia jana. Aliniuliza tu kama napewa chakula cha mchana. Ya kwako sikumwambia. Hiyo ni yako kusema.

Nakhumicha


Tuwan, Kitale
2 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Kalamu bado ni ya Kibiwott, na leo ameapa kutoongeza neno. (Nimeapa.) Shamba limelimwa, ndama amekua, na mama yako amekataa katakata kumwita Toamasina. Amemwita Jumanne.

Barua yako ilisomwa hapa mara ambazo sitazitaja, kwa maana msomaji analalamika koo. Pale kwenye vilima vilivyokwanguliwa nilisema hilo ni kweli, na kwamba niliwafundisha watoto msitu huo ukiwa mkubwa zaidi kwenye ramani. Pale kwenye sauti nilimwomba arudie.

Siku ya pili nilimpigia Dinah nikamwambia habari ya macho. Alifika jioni hiyohiyo na godoro juu ya gari. Kelele zilikuwa nyingi. "Baba, ulikuwa unangoja nini? Ukanyagwe na lori hapo stendi?" Nilimwambia nilikuwa nangoja indri. Akasema, "Kipofu anaenda kuangalia mnyama?" Kibiwott akatazama dari. Neno hilo hakuna aliyewahi kulitamka katika nyumba hii. Hata Dinah mwenyewe lilimtisha, akaanza kupanguza meza iliyokuwa safi.

Tukakaa. Tukapatana hivi. Nyumba ya Tuwan nitaifunga. Nikirudi nitakwenda Myanga, kwenye chumba cha nyuma, na nitakaa, na sitatoroka. Hilo nimelitoa mimi. Yeye ametoa hili: ninakuja. Mwezi wa Mei, mvua kubwa za kwenu zikiwa zimepungua, mimi na Kibiwott, ambaye ana macho mawili na hana kazi nayo. Jicho langu bado lina tundu dogo katikati. Likimpata Babakoto, vizuri. Lisipompata, nina masikio yaliyosikiliza kelele za wanafunzi miaka yote hiyo bila kuharibika.

Ulinitumikia vizuri, na sasa nakuomba uache. Kuanzia leo usiniandikie tena habari za msitu huo. Unanijua, mimi ni mtu wa kueleza na kuelezwa, na tukiwa njiani nitauliza kila kitu, mawe, miti, majina ya mito, nanyi mtanijibu hadi mchoke. Lakini tukiingia ndani asubuhi ile, nishike mkono, unigeuze uso kuelekea inakotoka sauti, halafu usiseme neno.

Kuka wako,
Hesbon Wekoye